Siku Niliyomwaga Kokoto Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, aibu niliyoipata siku ya harusi ya wifi yangu sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu mwenyewe. Anayeisimulia ni mume wangu Lusajo, kila mahali, sokoni, kwenye vikao vya harusi, hadi msibani kwa watu (watu wanalia, yeye anawachekesha), na kila akiisimulia anaongeza chumvi, wakati mwenyewe hata hakuwepo pale relini, alikuwa ameshatangulia kanisani na bibi harusi. Kwa hiyo leo nimeamua niitoe mwenyewe, msikie ilivyokuwa, mcheke vizuri halafu yaishe.

Mimi kwetu ni Mwaya, nimeolewa Ngonga, na nyumba yetu ya kupanga iko Mbugani pale mjini Kyela, lakini kazi yangu ni ya reli, huko juu upande wa Mbeya, maana huku kwetu chini ziwani treni hatuna. Napanda wiki mbili, nashuka siku nne. Ukimwambia mtu wa Kyela kwamba unafanya kazi ya reli anadhani unakata tiketi. Mimi sikati tiketi. Mimi namwaga kokoto.

Niwaeleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyoharibu. Yale mawe mnayoyaona chini ya reli hayakai milele, mvua inayapeleka, treni zinayasaga, na kila baada ya muda lazima yaongezwe. Yanaletwa na mabehewa maalumu, juu mapana kama karai, chini membamba kama mdomo wa faneli, na huko chini kuna milango miwili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Mwishoni mwa behewa kuna kijukwaa cha kusimamia watu wawili, kila mtu na usukani wake wa chuma, ukiuzungusha mlango unafunguka na kokoto zinamwagika kandokando ya reli huku treni inatembea, tena taratibu, mwendo wa bibi anayetoka kanisani. Inapendeza sana kuangalia. Behewa zima la mawe linaisha kwa dakika chache, na mtu aliyelimwaga hajashika hata jiwe moja.

Sheria ni chache lakini hazina mchezo. Mojawapo inasema usimwage kokoto pale barabara inapokatiza reli. Ukikaribia unafunga, unavuka, ukishavuka ndipo unafungua tena. Mimi nilikuwa mtu wa usukani wa kulia. Miaka mitatu ya kulia. Kushoto alikuwa Gwakisa, kijana mpole wa Rungwe, anayekula ndizi za kuchoma kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Sasa njooni kwa baba mkwe.

Baba yake Lusajo ni mkulima wa mpunga na kakao, mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyenyooka, na ni Mnyakyusa wa zamani kabisa. Kwetu zamani mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akipita yeye, wewe unapinda nyuma ya nyumba, au unageuka, au unajifunika khanga kichwani mpaka amalize kupita. Siku hizi wengi wameacha, wachungaji wenyewe wanasema kusalimiana si dhambi, na mawifi zangu wakubwa waliolewa kwa watu wanaokula meza moja na wakwe zao. Lakini mzee wetu alishikilia, na mimi nikamshikilia hivyohivyo, kwa sababu niliona kwake ni namna ya kuniheshimu. Miaka mitano ya ndoa, jamani, sikuwahi kuuona uso wake vizuri wala yeye wangu. Siku ya harusi yetu alikaa meza ya pembeni ameelekea ukutani. Nikifika Ngonga salamu zangu zinapita kwa mama mkwe, na zake zinarudi kwa mama mkwe, yule mama akawa kama posta.

Basi, wifi yangu wa mwisho, Neema, akapata mchumba hukohuko Mbeya, na harusi ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisani kwao huyo bwana. Nikaomba ruhusa, nikanyimwa, maana kazi ya kokoto ilikuwa imechelewa. Nikakubaliana na nyapara wetu, Bwana Shabani, kwamba nikimaliza behewa langu la mwisho ananiachia, nakimbilia kanisani. Shabani ni mtu wa Mbugani, kwao wana duka la vitambaa, babu yake alitoka pwani akafika Kyela akakataa kurudi, kwa hiyo tunajuana vizuri. Akaniambia, "Tusekile, kabla ya saa nne utakuwa umeshakaa kanisani na leso mkononi."

Asubuhi ile tulikuwa na mabehewa matano, na langu lilikuwa la tano, la mwisho kabisa. Manne yalishamwagwa, langu likaanza. Baridi ya huko mnaijua. Nilivaa kofia ngumu, miwani ya kazi, barakoa ya vumbi imefunika pua na mdomo, koti la kung'aa, na khanga nimeifunga kiunoni juu ya suruali. Hata mama yangu mzazi asingenitambua.

Mbele yetu kulikuwa na barabara ya vumbi inayokatiza reli. Shabani alikuwa chini, anatembea sambamba na treni na redio yake mkononi, na mtu wa bendera nyekundu ameshasimamisha magari. Upande wa kulia limesimama Coaster moja, limefungwa maua ya karatasi kwenye vioo, mikungu ya ndizi juu ya keria, na viroba vya mchele. Nikaangalia ule mchele, nikaangalia zile ndizi, moyo ukaniambia, hao ni watu wa Kyela. Mara mlango ukafunguka, akashuka mzee mrefu, suti nyeusi, kofia mkononi, akaja kusimama kando ya reli kabisa kuangalia behewa linavyomwaga.

Baba mkwe!

Na mimi niko kulia. Behewa linasogea taratibu kabisa, linanipeleka kwake kama sinia linalopelekwa kwa mgeni, na baada ya dakika moja ningekuwa nimesimama juu ya kichwa chake, uso kwa uso, mwanamke nimevaa suruali. (Najua mtasema, si ulikuwa na barakoa na miwani? Ndiyo, nilikuwa navyo. Lakini aibu haina macho, ikikushika unajiona uko uchi.)

Ndipo nikaamua jambo dogo tu. Nikamwambia Gwakisa, "Kaka, tubadilishane upande."

"Kwa nini?"

"Baba mkwe yule pale."

Gwakisa ni Mnyakyusa, hakuhitaji maelezo zaidi. Akameza ndizi yake, akapita kulia, mimi nikapita kushoto, nikajibanza nyuma ya ukuta wa behewa, nikashika usukani wake, nikashukuru Mungu.

Kitu kimoja sikukifikiria. Zile sukani mbili zinatazamana. Ya kulia ukitaka kufunga unaizungushia huku, ya kushoto ukitaka kufunga unaizungushia kule. Kulikuwa na mishale ya rangi iliyochorwa, lakini ilishafutika zamani, na mikono yangu ilikuwa na miaka mitatu ya kulia.

Shabani akapaza sauti, "Fungeni!"

Gwakisa akafunga. Mimi nikazungusha kwa nguvu zangu zote, nami nikafungua.

Mlango uliokuwa umeachama kidogo ukaachama wote. Kokoto zikashuka kwa kishindo, vumbi likapanda, na tayari tuko juu ya barabara. Shabani akaona, akapiga kelele, "Funga! Funga wewe!" Nikazungusha zaidi. "Funga, nasema!" Nikaning'inia kwenye usukani na miguu ikaacha sakafu, nikijiambia mlango umekwama, kumbe ulikuwa wazi mpaka mwisho na mimi nausukuma uende mbali zaidi. Kadiri alivyosema funga ndivyo mvua ya mawe ilivyozidi. Shabani akamwambia dereva kwa redio asisimame, asogee, atoke barabarani, na treni ilipokuja kusimama huko mbele, behewa langu lilikuwa tupu, jepesi, safi, na nyuma yetu barabara haipo.

Kulikuwa na kilima. Sitanii. Upande wa kushoto wote wa barabara ulikuwa kilima cha kokoto kilichonifika kifuani, na nyingine zimeviringika mpaka juu ya reli. Mungu ni mwema, upande ule hapakuwa na mtu wala gari karibu. Lakini Coaster lilikuwa kulia, kanisa liko kushoto, kilomita kadhaa, na barabara nyingine ya kuzungukia ilikuwa mbali mno.

Nikashuka. Shabani hakunitukana, na bora angenitukana. Akasema tu, "Kuna treni ya abiria inasubiri stesheni. Chukueni mabeleshi." Halafu akaenda pembeni na redio yake kuwaeleza wakubwa.

Genge letu lilikuwa watu wanane. Tukaanza kuchota, kwanza kwenye reli. Ndugu wa bwana harusi wakaanza kupiga simu, simu zikawa zinalia ndani ya Coaster, na shangazi yake Lusajo anajibu kwa sauti ya kusikika mpaka Tukuyu, "Tumefika! Tumefika lakini hatujafika! Kuna mtu katumwagia mlima!" Mtu mmoja akashauri mzee apande bodaboda ya ng'ambo awahi kumtoa binti yake. Nikamsikia akijibu, "Niingie kanisani kwa pikipiki, na mama yangu nimemwacha barabarani? Hapana." Maana bibi yake Lusajo alikuwa mle ndani, hana miguu ya kupanda mawe.

Halafu, jamani, nikasikia hatua. Nikaona viatu vyeusi vinavyong'aa vimesimama karibu na beleshi langu. Mzee alikuwa amevua koti, amekunja mikono ya shati jeupe, na ameshika beleshi.

"Kijana," akaniambia (kijana! mimi!), "ndiye wewe uliyemwaga?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kusema sikuweza, ningesema angejua ni mwanamke, na akijua ni mwanamke angeuliza jina.

Akaanza kuchota, na mzee yule anachota kama anapindua jaruba, hapumziki. Akaendelea kuongea, siyo kwa hasira, anaongea tu kama mtu aliyezoea kulima na wenzake. "Kazi hii ina wenyewe, kijana. Mke wa mwanangu yuko hukuhuku reli. Anamwaga mawe hayahaya. Nasikia anayatandika hata jiwe moja halizidi. Ungemuuliza yeye akufundishe."

Nikazidi kuinama.

"Binti wa Mwaya yule," akasema. "Nawaambia watu kule Ngonga, ninyi wakwe zenu wanauza vitumbua, wangu anaendesha treni." (Siendeshi treni, lakini ningemsahihisha vipi?) "Sijamwona hata siku moja akifanya kazi. Leo nilishuka pale nikasema labda nitamwona kwa mbali, nikaona ninyi vijana tu."

Mwenzenu machozi yakaanza kunitoka ndani ya miwani. Mtu huyu alinijua kwa sifa kuliko wengi walionijua kwa sura, na mimi nilidhani nikimfikia ataona aibu juu yangu, kumbe alishuka kwenye gari ili anione. Nikawaza, Tusekile, chota, nyamaza, barabara ifunguke, aende zake, na siri hii uzikwe nayo.

Ingewezekana kabisa. Kilima kilikuwa kimeanza kupungua, mzee yuko upande huu na mimi nimehamia upande ule, tumebakiwa na lundo katikati yetu. Ndipo Shabani, Mungu amsamehe, akapaza sauti kutoka kule kwenye redio.

"Tusekile! We Tusekile wa Mwaya! Wakubwa wanataka ueleze mwenyewe ilikuwaje, njoo!"

Mabeleshi yote yakasimama. Ndani ya Coaster vichwa vyote vikajipanga madirishani. Beleshi la mzee lilikuwa hewani limejaa mawe, likabaki hivyohivyo hewani.

Mama mkwe akashuka kwenye gari. "Gwe Tusekile," akasema, "si uvue hayo madude usoni upumue? Mimi nimekujua tangu uliposhuka kwenye behewa. Hakuna kijana anayetembea hivyo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, na baba yako anakusifia? Nilitaka asikatishwe."

Nikavua barakoa, nikavua miwani, halafu nikafanya nilichozoea, nikafungua khanga kiunoni nikajitupia kichwani na kugeuka nyuma. Nilipochungulia, mzee naye alikuwa ameshageuka. Basi tukasimama pale, baba mkwe na mke wa mwanawe, tumepeana migongo na lundo la mawe katikati, na umati unatazama, na treni ya abiria inasubiri, na bibi harusi analia huko kanisani. Gwakisa alinisimulia baadaye kwamba hata yule mtu wa bendera alikuwa amevua kofia kama yuko msibani.

Mzee akakohoa. "Mama Lusajo," akamwambia mkewe, "mwambie mwenzetu huyo aende akajibu wakubwa wake, asiogope, aseme ukweli. Halafu arudi tumalize."

Mama mkwe akanigeukia, hatua mbili tu kutoka pale, "Baba anasema uende ukajibu, useme ukweli, halafu urudi mmalize."

"Mwambie baba nimesikia."

"Amesikia," akamwambia.

"Nami nimesikia," akasema mzee.

Nikaenda, nikasema ukweli wote kwenye redio. Sauti ya upande wa pili ikauliza, "Ulibadilisha upande kwa sababu ya *nani*?" Nikarudia. Nikasikia mtu mwingine kule ofisini akicheka, halafu akacheka na wa pili, halafu wakaniambia nifungue barabara kwanza, barua nitaikuta Jumatatu.

Niliporudi, mzee alikuwa anachota kwa kurudi kinyumenyume, mgongo kwangu. Nami nikachota kinyumenyume, mgongo kwake. Wanaume wa Coaster wakavua makoti, wakaingia na mikono mitupu, hata mashangazi wakajaza kokoto kwenye karai moja la pilau walilokuwa wamebeba. Mtu mwenye akili zake akipita angedhani ni ibada ya dhehebu jipya. Na lundo lile kati yetu likawa linashuka, linashuka, mpaka nikageuka kuchota fungu la mwisho na mzee naye akageuka kuchota lilelile, beleshi langu likagongana na lake, na hapakuwa na jiwe wala behewa wala mama mkwe katikati.

Nikamwona. Ana macho ya Lusajo hasa. Vumbi limemfanya mweupe mpaka kwenye nyusi.

Nilitaka kukimbia, akaniwahi. "Mwanangu," akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kama daraja litamshika. "Umelalaje?"

Miaka mitano, na hilo ndilo alilonisalimia, saa tano asubuhi, nimesimama kwenye aibu yangu mwenyewe hadi vifundoni. Nikapiga goti palepale kwenye kokoto (zinachoma, msijaribu), nikasema, "Nimelala salama, baba. Nisamehe, baba."

"Ndaga," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Inuka. Twende tukaoze."

Mashangazi wakapiga vigelegele vya kufa mtu. Shabani akaniambia panda gari uende, ufundi wako leo nimeushiba. Nikapanda Coaster na koti langu la kung'aa, nikakaa nyuma na ndizi mapajani.

Tulifika tumechelewa kupita kiasi. Neema aliponiona mlangoni na kofia ngumu, aliangua kilio kingine, halafu akaangua kicheko, rangi ya macho ikamchuruzika mpaka kidevuni, ikabidi apakwe upya, tukachelewa tena. Baba akamtembeza binti yake mpaka madhabahuni na viatu vimejaa vumbi, na kwenye picha zote za harusi ile shati lake lina alama za vidole vyeusi. Jioni ukumbini akasimama kuomba radhi kwa wakwe wapya. Mimi nikazama kwenye kiti. Akasema, "Tumechelewa kwa sababu reli ilikuwa inatengenezwa," akakaa. Basi. Hakutaja mtu. Aliyenitaja ni Lusajo, alipopewa kipaza sauti baada yake, na hajanyamaza mpaka leo.

Barua niliikuta Jumatatu kweli. Nikapewa onyo, na mwezi mzima wa kusambaza kokoto kwa mkono pamoja na genge, jua na mvua, mpaka viganja vikaota sugu. Sikulalamika. Wakachora upya mishale kwenye mabehewa yote, myekundu, mikubwa kama ndizi, na vijana wanaiita mishale ya mkwe.

Baba na mimi siku hizi tunasalimiana. Hatuketi meza moja, hapana, huko hatujafika na sijui kama tutafika, na mimi namheshimu vilevile. Lakini nimejifunza kwamba heshima ina mahali pake, na juu ya behewa linalomwaga mawe si mahali pake. Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: nikipangiwa kulia nitabaki kulia, apite baba mkwe, apite askofu, apite hata Lusajo na mwanamke mwingine mkononi. Nitafunga mlango kwanza. Mengine tutaongea barabara ikiwa wazi.